Shamba likigeuka shambani, sentensi nzima hugeuka

ANAYESIMAMA kwenye steji ya matatu mjini Naivasha jioni, wakati wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaporejea makwao, hakosi kusikia kauli kama "nimetoka kwa shamba" au "simu iko kwa meza". Wasemaji huelewana bila shida. Hata hivyo, Kiswahili sanifu kina njia yake ya kutaja mahali, na anayeipuuza huenda akatamka asilolikusudia.

Kibarua anayesema "nitalipwa kwa shamba", akimaanisha kwamba atapokea ujira akiwa kazini, amesema kwa Kiswahili sanifu kuwa ujira wenyewe ni shamba. Laiti ingekuwa hivyo!

Njia inayohitajika ni kiambishi -ni. Shamba huwa shambani, meza huwa mezani, ziwa huwa ziwani. Badiliko hilo haliishii kwenye neno lenyewe, kwa kuwa nomino huhama ngeli yake na kuingia ngeli ya mahali, PAKUMU. "Shamba langu" huwa "shambani mwangu", wala si "shambani langu" au "shambani yangu". "Shamba limefurika" nalo huwa "shambani kumefurika".

Viambishi vitatu vya ngeli hiyo havikuwekwa kwa urembo. Mtu aliyetumwa kuchukua dawa ya kunyunyizia maua akiambiwa "ghalani mna dawa", ajue kwamba imo ndani. Akiambiwa "ghalani pana dawa", anaonyeshwa mahali mahsusi. "Ghalani kuna dawa" humwachia eneo zima alitafute.

Kosa jingine, ambalo hata waandishi wa habari hulifanya, ni "katika shambani". Katika na -ni hufanya kazi ile ile, hivyo kimoja chatosha. Katika huwa na faida pale nomino inapofuatwa na sifa: husemwa "katika shamba kubwa", kwani "shambani kubwa" haikubaliki.

Majina ya mahali hayaguswi. Naivasha, jina lililotokana na neno la Kimaasai Enaiposha, hubaki Naivasha. -Ni huangukia neno "mji", ndiyo maana husemwa "mjini Naivasha". Mtaa wa Bondeni, Nakuru, ulipata jina kutokana na kiambishi hicho hicho, lakini kwa sasa kimeganda na hakiongezewi kingine.

Si kila lugha huyaheshimu majina namna hiyo. Katika Kiairishi, lugha ya Ayalandi, ni mwanzo wa neno unaobadilika. Bean, yaani mwanamke, huwa an bhean baada ya kibainishi. Mji wa Gaillimh, ukitanguliwa na kihusishi chenye maana ya "katika", huwa i nGaillimh.

Wapo wanaolaumu lugha za mama kwa ile "kwa shamba". Lawama hiyo haina mashiko kwa Kikuyu, kinachozungumzwa sana Naivasha, kwa sababu nacho huweka kiambishi mwishoni: mũgũnda, yaani shamba, huwa mũgũnda-inĩ. Mwanafunzi anayesema hivyo nyumbani anahitaji tu kuonyeshwa kwamba shambani imeundwa kwa njia ile ile.