Nafasi Si Uzito

Ndugu wafanyakazi, msimamizi akiona nafasi nyuma ya lori husema bado linabeba. Nafasi si uzito. Someni kibao cha kiwanda: kinaonyesha uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake. Zile tani 56 za sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ni za malori marefu ya ekseli nyingi, si za lori la shamba.

Tuseme kibao kimeandikwa kilo 12,000, na mizani inasoma kilo 5,500 lori likiwa tupu. Zimebaki 6,500. Sasa shamba linataka kulifunga tenki la lita 6,000. Maji peke yake ni kilo 6,000! Chuma cha tenki, pampu, dereva na utingo wagawane kilo 500? Haiwezekani. Lifungwe tenki la lita 5,000, na uzito wake ukae mbele ya ekseli ya nyuma. Ukining'inia nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii.

Breki zikishindwa mteremkoni, wa kwanza kuulizwa ni dereva. Kwa hiyo tunadai apewe karatasi ya mizani, tenki likiwa limejaa, kabla ya safari ya kwanza.