"Mama, mtoto ana homa": mchezo wa kuigiza una faida gani?

Unarudi shambani, unamkuta binti yako wa miaka minne amebeba gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha kanga. Anakwambia, "Mama, mtoto ana homa." Wengi wetu hujibu, "Acha upuuzi, kalete maji." Leo tunaeleza kwa nini inafaa kumsikiliza kidogo kwanza.

Mchezo wa kuigiza huanza mapema. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili hujifanya anakunywa chai kwenye kikombe kitupu. Akifika miaka mitatu au minne anagawa kazi: wewe mgonjwa, mimi daktari.

Mwaka 1933, mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky alieleza kuwa fimbo inapogeuka farasi, mtoto anajifunza kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Atauhitaji ujuzi huo shuleni, kwa sababu herufi nayo ni alama tu inayosimama badala ya sauti. Na akicheza duka, anahesabu, anapatana bei, anasubiri zamu yake.

Ufanye nini nyumbani?

Huhitaji kununua kitu. Kopo, boksi na kanga kuukuu vinatosha. Kwa walio chini ya miaka mitatu, ondoa vitu vidogo kama visoda na punje za maharage, vinaweza kuwakaba. Chupa ya dawa ya shamba au ya mifugo isichezewe kamwe, hata ikioshwa.

Mfuate mtoto, usimwongoze. Akikupa "chai" ya udongo, pokea, jifanye unakunywa, uliza, "Sukari umeweka?" Unaweza kufanya hivyo huku unachambua mboga. Akina baba, nanyi mnahusika. Na mvulana akibembeleza mtoto wa gunzi, au msichana akiendesha lori la kopo, mwache.

Sikiliza anachoigiza

Mtoto huigiza anayoyaona. Ukimsikia anamfokea mtoto wake wa gunzi kwa maneno yako yaleyale, usimchape. Jiulize kwanza wewe. Mara nyingine anaigiza sindano aliyochomwa jana ili hofu impungue. Lakini akirudia rudia mchezo wa kuumizwa kwa namna inayokutia wasiwasi, zungumza naye kwa upole, kisha mwone afisa ustawi wa jamii. Kwa Tanzania, unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Kwa hiyo jioni ya leo, ukiambiwa mtoto ana homa, mguse gunzi paji la uso. Maji yataletwa tu.

Je, watoto wako wanaigiza nini? Tutumie ujumbe, tutausoma kwenye kipindi.