Tairi la Trela Likipasuka Njia ya Nakuru

Mzigo utokao bandari ya Mombasa kwenda Malaba hupita Naivasha, Gilgil, Nakuru na Salgaa. Miongoni mwa madereva na matingo wa malori hayo wamo ndugu na watoto wetu wa Pwani, kwa hivyo jambo hili latuhusu.

Adui wa tairi si msumari pekee, ni joto. Tairi lenye upepo mchache hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja huzaa moto. Trela hufungwa matairi mawili mawili: moja likikosa upepo, pacha wake hubeba mzigo wote, kisha nalo hupasuka. Mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa huzidisha balaa, kwani breki zikishikwa mfululizo hupasha moto rimu na tairi.

Dereva huenda asihisi lililo nyuma, basi atazame vioo mara kwa mara. Likipasuka, usikanyage breki ghafla. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha utoke barabarani pahala tambarare. Weka pembetatu na utege mawe magurudumuni. Ukiondoka, yaondoe mawe hayo. Usiku ni mtego kwa mwenye pikipiki.

Pima upepo kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Usipunguze upepo wa tairi lenye moto, wala usizidi mwendo unaoruhusiwa.

Na nyinyi matajiri wa malori, tairi lililokwisha libadilisheni. Tairi hununuliwa, roho hainunuliwi.