Mbegu, Majira na Udongo: Ugani wa Kilimo cha Pamba Usukumani katika Nusu ya Kwanza ya Karne ya Ishirini

1.0 Utangulizi

Kata ya Igogo, katika Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, leo ni makazi ya watu wa mjini. Nyumba zimepanda vilima vya mawe ya matale hadi karibu na vilele, na upande wa chini huonekana Ziwa Victoria. Barabara kuu itokayo mjini kwenda Shinyanga hupita hapo, huendelea Mkuyuni, Buhongwa na Usagara, na karibu na Usagara mtu huchepuka kwenda Ukiriguru, wilayani Misungwi, takriban kilomita 30 kutoka mjini. Katika njia hiyo fupi imo sehemu kubwa ya historia ya ugani wa kilimo katika Kanda ya Ziwa. Utafiti ulifanyika Ukiriguru, pamba ililimwa vijijini, na marobota yalipitia Mwanza yakielekea nje ya nchi.

Makala haya yanashughulikia swali moja: kwa nini baadhi ya maelekezo ya mabwana shamba wa wakati huo yalipokelewa haraka, mengine yakafuatwa nusu nusu, na mengine yakakataliwa hadi kuzua mgogoro wa kisiasa? Maelezo yaliyozoeleka kwa watawala yalikuwa kwamba mkulima wa Kisukuma alishikilia mila na hakutaka kubadilika. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mkulima yuleyule aliyekataa agizo moja alipokea jingine bila kushurutishwa. Inadaiwa hapa kwamba tofauti ilitokana na mambo matatu: kazi ambayo kila agizo lilidai, wakati ambapo kazi hiyo ilihitajika, na namna agizo lenyewe lilivyofikishwa.

2.0 Usuli wa kihistoria

Wajerumani walianzisha kituo cha utawala Mwanza mwaka 1892. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwani, mazao ya Usukumani yalipata njia ya kufika Mombasa na hatimaye Ulaya. Ndipo utawala ulipohimiza pamba kwa kuwatumia watemi na walowezi. Kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu ilimfanya mwananchi atafute zao la kuuza. Ikumbukwe kwamba kusini mwa koloni hilohilo, kulazimishwa kulima pamba kulikuwa miongoni mwa visababishi vya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Nchini Uganda, mwaka 1908, Gavana Hesketh Bell alitoa kanuni zilizoiweka mbegu ya pamba chini ya udhibiti wa serikali ili kuondoa mchanganyiko wa aina uliokuwa ukiharibu ubora. Hivyo basi, tangu mwanzo pamba ililetwa katika eneo lote la maziwa makuu pamoja na amri.

Waingereza waliiteka Mwanza mwaka 1916. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kituo cha majaribio cha Ukiriguru kilianza kazi. Baadaye shirika la Empire Cotton Growing Corporation, lililoundwa Uingereza mwaka 1921, lilishiriki katika utafiti wa pamba kituoni hapo. Wakati huohuo bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani, na serikali ya Tanganyika ilikuwa ikihimiza wananchi walime mazao mengi zaidi.

3.0 Mbegu: badiliko lisilomwongezea mkulima kazi

Adui mmoja mkubwa wa pamba alikuwa chawajani, mdudu mdogo anayefyonza utomvu chini ya jani mpaka jani likawa jekundu na kujikunja. Huko Barberton, Afrika Kusini, mtafiti F. R. Parnell alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba pamba yenye vinyweleo vingi majanini humzuia mdudu huyu, na kutokana na uchaguzi huo ilipatikana aina iliyoitwa U4. Kanuni hiyo ya kuchagua mimea yenye vinyweleo ilifuatwa pia katika uzalishaji wa mbegu Ukiriguru. Aina zilizotoka hapo baadaye zilipewa herufi UK kutokana na jina la kituo, kama UK77 na UK91.

Mbegu bora zilienea kwa urahisi, na sababu yake inaeleweka pindi mtu anapofuata safari ya pamba. Mkulima huuza pamba ikiwa bado na mbegu ndani yake. Mbegu hutenganishwa na nyuzi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, kisha hurudishwa vijijini kwa ajili ya msimu unaofuata. Tofauti na mtama au karanga, ambazo mkulima hujiwekea mbegu ghalani kwake, mbegu ya pamba huondoka shambani pamoja na mavuno. Kwa hiyo aliyedhibiti viwanda aliweza kubadili mbegu ya eneo zima bila kumshawishi mkulima mmoja mmoja. Mkulima, kwa upande wake, hakuongezewa hata siku moja ya kazi, kwani alipanda vilevile na kuvuna zaidi. Hapa ugani ulifanikiwa kwa sababu haukumdai mkulima chochote.

4.0 Majira: ushauri sahihi uliokutana na njaa

Majaribio ya Ukiriguru yalionyesha tena na tena kwamba pamba iliyopandwa mapema, mvua zinapoanza Novemba na Desemba, huzaa kuliko iliyopandwa Januari mwishoni au Februari. Kila wiki ya kuchelewa ilipunguza mavuno. Mabwana shamba walihubiri upandaji wa mapema kwa miaka mingi, lakini wakulima wengi waliendelea kuchelewa.

Jambo hili huwa fumbo iwapo shamba la pamba litatazamwa peke yake. Lakini kaya ya Kisukuma haikuwa na shamba la pamba tu. Mvua za kwanza zilikuwa pia mvua za mtama, uwele, mahindi na karanga, na jembe la mkono liliweza kuandaa eneo dogo tu kwa siku. Kaya iliyoanza na pamba ilihatarisha chakula cha mwaka mzima kwa ajili ya zao ambalo bei yake ilipangwa mbali. Kaya iliyoanza na chakula ilipoteza sehemu ya fedha, lakini haikulala njaa. Katika nchi ambako mvua hukatika bila taarifa, uamuzi wa pili ulikuwa wa busara. Majaribio ya kituoni yalipima mavuno ya pamba kwa eneo. Hayakupima kilichopotea katika shamba la mtama mikono ilipohamishiwa kwenye pamba.

Pale ambapo jembe la kukokotwa na ng'ombe lilienea, mgongano huo ulipungua, kwa kuwa kaya iliweza kuandaa mashamba yote mawili mapema zaidi. Hii ni dalili kwamba kizuizi kilikuwa nguvukazi, wala si mtazamo wa mkulima.

5.0 Udongo: maarifa ya wenyeji na matuta yaliyofungwa

Wasukuma walikuwa na elimu yao ya udongo iliyofuata mteremko wa ardhi. Chini ya vilima vya matale, vya aina ile ionekanayo Igogo, huwa na udongo wa kichanga uitwao luseni, mwepesi kulimika lakini usiohifadhi rutuba kwa muda mrefu. Katikati ya mteremko huwa na itogolo, na penye tabaka gumu huitwa ibambasi. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, alipendekeza dhana ya mfuatano wa udongo kandokando ya mteremko kutokana na kazi yake Afrika Mashariki, dhana ambayo sasa hufundishwa duniani kote. Majina ya Kisukuma yanaonyesha kwamba wakulima walikuwa wakilitumia wazo la namna hiyo katika kuchagua mahali pa kupanda kila zao.

Aidha, kulima kwa matuta kulikuwa desturi yao. Watafiti wa Ukiriguru waliongeza jambo moja: kuyafunga matuta kwa vituta vidogo vya kukatiza, ili kila mfereji uwe mfululizo wa vibeseni. Mvua kubwa ya muda mfupi isingetiririka na kuchukua udongo, bali ingetuama na kunywea mahali iliponyesha. A. N. Prentice aliieleza mbinu hii katika makala yake ya mwaka 1946. Katika misimu ya mvua haba faida yake ilikuwa dhahiri. Katika msimu wa mvua nyingi maji yaliweza kusimama mizizini na kuudhoofisha mmea. Zaidi ya hayo, kufunga matuta kuliongeza kazi katika majuma yaleyale ambayo palizi na upandaji vilikuwa vikigombania mikono.

Samadi ilikuwa na hesabu ya namna hiyohiyo. Majaribio yalithibitisha kwamba samadi ya zizini huinua mavuno na kwamba athari yake hudumu zaidi ya msimu mmoja. Hata hivyo, samadi ni nzito. Mwenye mkokoteni na shamba lililo karibu na zizi aliimudu. Asiye na ng'ombe, au aliyelazimika kuibeba kichwani hadi mbali, hakuimudu.

6.0 Kutoka ushauri hadi amri

Mwaka 1947 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Chini ya mpango huo, mambo yaliyokuwa ushauri yaligeuzwa kuwa sheria ndogo za mamlaka za wenyeji: kufunga matuta, kuweka samadi, kupanda muhogo wa akiba, kupunguza mifugo. Aliyekiuka alitozwa faini. Bwana shamba, aliyekuwa mwalimu, akawa pia shahidi barazani.

Matokeo yake ni kwamba mbinu na mtawala vilikuwa kitu kimoja machoni pa wananchi. Kukataa kufunga tuta kukawa kukataa ukoloni. TANU ilizuiwa kuendesha shughuli zake Usukumani tangu 1954, na mwaka 1958 maandamano ya Geita yalionyesha ukubwa wa upinzani.

Katika kipindi hichohicho wakulima hawakuwa wameikataa pamba. Walijiunga kwa wingi katika vyama vya ushirika, kwanza kudhibiti mizani ya wanunuzi waliowapunja, kisha kumiliki biashara yenyewe. Chini ya uongozi wa Paul Bomani, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria liliundwa mwaka 1955. Kilimo cha pamba kilipanuka zaidi mkulima alipokuwa na hakika ya uzani na malipo yake kuliko alipotishiwa faini.

7.0 Hitimisho

Mbegu ilipokelewa kwa sababu haikudai kazi ya ziada. Upandaji wa mapema ulifuatwa nusu nusu kwa sababu ulishindana na chakula. Matuta yaliyofungwa na samadi, vyenye msingi mzuri wa kisayansi, viliharibiwa na amri zisizotofautisha luseni na mbuga, wala mwenye mkokoteni na asiye nao.

Afisa ugani wa leo katika Misungwi, Magu au Kwimba bado huenda kijijini na kalenda ya upandaji mkononi. Kabla ya kumlaumu mkulima aliyechelewa, inampasa aulize maswali mawili ambayo majaribio ya zamani hayakuyauliza: katika majuma hayo kaya ilikuwa ikifanya kazi katika shamba gani jingine, na ilikuwa na watu wangapi wa kushika jembe?