Hedifoni au spika? Kabla ya kulipia maneno usiyoyasikia

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MITIHANI ya kidato cha sita ilikuwa imekaribia mpwa wangu aliponipigia simu kuomba fedha. Hakutaka za vitabu wala za nauli. Alitaka hedifoni, tena zile kubwa za kufunika sikio zima, na bei aliyonitajia ilikaribia kodi ya mwezi ya chumba anachoishi na kaka yake hapa Kibuli.

Nilipomuuliza sababu, alisita kidogo, kisha akaniambia. Kila usiku anasikiliza rekodi ya mvua aliyoipakua kwenye intaneti. Chini ya mvua hiyo, kama alivyoelezwa, mna maneno yaliyofichwa: unakumbuka upesi, huogopi mtihani, utafaulu. Sikio haliyatambui, lakini akili huyapokea mtu akiwa amelala. Muuzaji mmoja mjini alikuwa amemhakikishia kwamba hedifoni za bei nafuu haziwezi kupitisha maneno hayo.

Jioni hiyo nilipanda bodaboda hadi Kibuli tuzungumze ana kwa ana. Swali lake ni la vijana wengi, kuanzia maduka ya simu ya Mutaasa Kafeero hapa Kampala hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi na Kariakoo, Dar es Salaam: kwa sauti fiche kama hizi, mtu anunue hedifoni au spika?

Tuanze na rekodi yenyewe, maana chombo hakiwezi kutoa kisichokuwamo. Faili nyingi za simu ni za aina ya MP3. Ili faili iwe ndogo, mfumo huo hupunguza au kutupa sauti ambazo sikio lisingezisikia kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Sasa fikiria mnong'ono uliozikwa chini ya mvua kiasi cha kutosikika. Huo ndio wa kwanza kutupwa. Mtu anaweza kununua hedifoni za bei ya ng'ombe akabaki anasikiliza mvua tu.

Wapo pia wanaouza rekodi za "kimya", wakidai maneno yamepandishwa hadi kwenye milio ya juu mno. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na kadiri umri unavyosonga, sehemu ya juu hupotea kwanza. Tarakimu hizo hizo utazikuta kwenye kasha la hedifoni za bei ya chini na za bei ya juu. Hazithibitishi ubora, na wala hazisemi kwamba akili itayaelewa maneno ambayo sikio halikuyapata.

Je, maneno yakiwemo kweli, yanafanya kazi? Mwaka 1991 mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio kuhusu kanda zilizouzwa kwa madai hayo. Washiriki walikuwa 237, na walizisikiliza kwa takriban mwezi mmoja. Baadhi walipewa kanda ya kumbukumbu yenye lebo ya kujiamini, wengine kinyume chake. Maneno yaliyofichwa hayakuleta matokeo yaliyotangazwa. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja waliamini wameimarika katika jambo lililoandikwa kwenye lebo. Kilichofanya kazi ni lebo.

Mpwa wangu alisikiliza, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Basi mjomba, mbona nikiiweka nalala vizuri?"

Ni swali la haki. Mvua inatuliza. Katika vyumba vyetu vya kupanga, ambako ukuta mmoja unakutenga na redio ya jirani, mlio laini usiobadilika hufunika kelele za ghafla, na mtu aliyeshinda na wasiwasi wa mtihani hupata pa kupumzisha fikira. Hiyo ni faida halisi, haihitaji maneno ya siri wala hedifoni za gharama. Ndiyo maana chombo kichaguliwe kwa kuangalia masikio, usingizi na mfuko.

Kwa kulala, spika ndogo inafaa zaidi. Iweke mbali kidogo na mto, sauti iwe ya chini, na uitegee muda ijizime baada ya nusu saa. Sikio linabaki wazi: utasikia mtoto akilia, mlango ukigongwa au saa ya kuamka. Waya hautakuzonga shingoni, na kidude cha kuchomeka hakitakandamiza sikio ukigeuka ubavu. Spika ya simu nayo yatosha kwa mvua. Itakosa mngurumo mzito tu. Angalia jirani pia: ukiisikia sauti yako ukiwa nje ya mlango, umezidisha.

Hedifoni zina nafasi yake. Rekodi zinazotuma mlio tofauti katika kila sikio, mathalani hezi 200 kushoto na 210 kulia, zinazihitaji, kwani mapigo yanayosikika hutengenezwa na ubongo wenyewe unapounganisha milio hiyo miwili. Kwenye spika milio huchanganyika hewani kabla ya kukufikia. Na kwa anayesoma mchana karibu na kituo cha bodaboda, hedifoni zinazofunika sikio vizuri huzuia kelele za nje, hivyo hana haja ya kupandisha sauti. Jaribu dukani: zikae bila kubana, na usikie vizuri sauti ikiwa chini. Ukiwa barabarani au juu ya pikipiki, zivue.

Hatari kubwa iko kwenye ile tabia ya kuongeza sauti ili "maneno yaingie". Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Anayelala saa saba kila usiku na sauti ya kiwango hicho masikioni anaumaliza muda wote wa wiki kabla ya usiku wa kwanza kwisha. Shirika hilo linashauri pia sauti ya simu isivuke asilimia 60 ya uwezo wake. Mlio unaobaki masikioni asubuhi ni onyo, kwani chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Tulikubaliana. Fedha nilimpa, ila alinunulia mkusanyiko wa mitihani ya miaka iliyopita. Simu yake sasa hulala juu ya kigoda upande wa pili wa chumba, mvua ikinyesha kwa nusu saa kisha ikikatika. Alfajiri, adhana ya Msikiti wa Kibuli, uliofunguliwa mwaka 1951 kwenye ardhi aliyoitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu, humfikia masikio yakiwa wazi. Huamka, akafungua daftari, akasoma kwa sauti. Maneno hayo anayasikia mwenyewe, na kaka yake pia, apende asipende.