Tembo Hajui Mpaka

Wananchi wa Vidunda huishi milimani, karibu na hifadhi mbili za taifa: Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Wengi hudhani tembo wa Mikumi ni wa Mikumi tu. Sivyo.

Mikumi inapakana na pori la Selous. Sehemu kubwa ya pori hilo iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kusini yake iko njia ya wanyama, yaani ushoroba. Njia hiyo hupita Namtumbo na Tunduru mpaka Mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na huko iko hifadhi ya Niassa. Tembo huvuka mto huo, wala haulizwi pasi.

Askari wa wanyamapori hawezi kuvuka hivyo. Jangili akiua tembo huku na kukimbilia kule, askari husimama ukingoni. Kwa sababu hiyo, mwaka 1999 nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania na Msumbiji zikiwamo, zilitia saini mapatano ya kulinda wanyamapori na kusaidiana kuwakamata wahalifu.

Lakini kulinda mto hakutoshi. Wanunuzi wa meno ya tembo wako mbali, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1989 mataifa yalikutana mjini Lausanne, Uswisi, yakakubaliana kusimamisha biashara ya meno ya tembo baina ya nchi na nchi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba jambo hilo. Mwaka huohuo serikali yetu ilifanya Operesheni Uhai dhidi ya majangili.

Baadaye ujangili ulirudi. Mwaka 2009 Selous na Mikumi zilikuwa na tembo karibu 39,000. Mwaka 2013 walibaki 13,000 hivi. Miaka minne tu! Mwisho wa mwaka 2017 China ilifunga soko lake la ndani la meno ya tembo.

Katika mikutano ya mataifa, naona mkulima husahauliwa. Ndiye anayekesha kwenye dungu akipiga debe, tembo wasile mahindi yake. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, ingawa si fidia ya hasara yote. Tembo akiingia shambani mwako, mwarifu ofisa mtendaji wa kijiji mara moja, ili ofisa wa wanyamapori aje kupima eneo lililoharibiwa kabla nyayo hazijafutika.