Jina la Warongo na Jina la Schmidt

Katika orodha za makabila ya Tanzania hutajwa Warongo, watu wa Geita na Biharamulo, jirani za Wazinza. Msukuma, ambaye lugha yake haina sauti ya r, huwaita Balongo. Orodha hizo zasema kweli nusu tu, kwani jina hili asili yake ni kazi. Mrongo alikuwa mtu ayeyushaye mawe ya chuma tanurini na kufua majembe. Watu wa koo mbalimbali walipokewa katika kazi hiyo kwa taratibu na miiko yake, na aliyepokewa akawa Mrongo.

Yafaa tulilinganishe jina hili na Schmidt la Wajerumani. Zamani za kale neno hilo lilikuwa na maana ya fundi yeyote. Baadaye likabanwa likawa la mhunzi peke yake. Tangu karne ya 12 miji ya Ujerumani ilipanuka, wakina Johann wakawa wengi, na makarani wakahitaji kuwapambanua katika daftari. Kijiji kwa kawaida kilikuwa na mhunzi mmoja, basi kumwita mtu kwa kazi yake kulitosha. Mwanawe akarithi jina hata kama hakurithi nyundo. Kwa kuwa hapakuwa na kijiji kisichohitaji mhunzi, Schmidt leo ni jina la pili kwa wingi Ujerumani, likitanguliwa na Müller, yaani msaga nafaka. Kusini huandikwa Schmid, na pande za mto Rhine husikika Schmitz. (Mmoja wa wataalamu walioandika juu ya uhunzi wa Warongo, katika kitabu cha mwaka 1997, ni Mmarekani Peter R. Schmidt.)

Wasukuma hawakuwapa watoto majina kwa njia hiyo. Mabula huitwa aliyezaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija huwafuata. Jina la mtu lilisimulia kuzaliwa kwake, wala si riziki ya baba yake. Kwa hiyo jina la ufundi halikumkalia mtu mmoja mmoja, bali kundi zima. Ndipo zilipoachana njia mbili hizi: la Wajerumani likawa la ukoo, la Buzinza likaja kuhesabiwa kuwa la kabila.

Kiswahili nacho kina mhunzi na mfua chuma, na kitenzi fua chazaa fuawe, chombo cha kufulia juu yake.

Jembe la Buzinza lilifika Usukuma na Unyamwezi, likalimia, likatolewa mahari. Enzi ya ukoloni jembe la kiwandani kutoka Ulaya likaja kwa bei nafuu, na tanuri zikazimika moja baada ya nyingine. Jina likabaki bila kazi yake, na mwandishi wa orodha akalichukua kama alivyolikuta. Kwa maoni yangu, kamusi itakayoandika “Mrongo: mtu wa kabila la Warongo” na kukoma hapo, itakuwa imemfuta mhunzi aliyelipatia jina hilo maana.